Nchi Iliyokataza Mkasi

Palikuwa na nchi, na ipo bado, na kwa jinsi redio yake inavyoitangaza itaendelea kuwapo hata sisi wote tukiisha kwenda zetu. Nchi hiyo ilisifika kwa mvinyo. Wageni walitoka ng'ambo kuja kuitembelea mikoa yake mitatu ya mizabibu, wakapigwa picha na vikapu vichwani, wakarudi kwao na mashavu mekundu.

Basi siku moja Mkuu wa nchi, akipita barabarani na msafara wake, aliona dirishani mtu amesimama shambani anakata matawi ya mzabibu bila huruma, anabakiza shina na vijiti viwili, na utomvu unachuruzika kwenye vidonda. Mkuu alikuwa na moyo mwepesi. Inasemekana alilia mpaka daraja la pili. Jioni hiyo hiyo ikatangazwa amri: kuanzia leo mzabibu ni mwananchi, na ni marufuku kuukata, kuupogoa, kuuminya au kuusema vibaya.

Anayelima mizabibu anajua kwamba usipoupogoa unakwenda majani matupu, kama mtu anayejazia mashavu tu na tumboni hana kitu. Lakini wanaojua hawakuulizwa, kwa sababu wao ndio waliokuwa washitakiwa. Wenyeji wote wa mikoa mitatu, kwa kuwa hapakuwa na nyumba isiyo na mkasi, waliandikwa kuwa wakatili wa mimea. Wakapakiwa kwenye malori, wakashushwa Uwanda wa Chumvi, mahali pasipoota kitu cha kukatwa. Pale wakasomewa hotuba ya kuwashukuru kwa kuhama kwa hiari.

Mmoja wa waliohama kwa hiari, wawili wakimshika mikono na wawili miguu, alikuwa mzee Ndahani wa kilima cha Isulu.

*

Ndahani hakulilia nyumba, wala pipa lake la mwaloni alilorithi kwa baba yake. Alimlilia mkewe, Nyemo, ambaye hakupata nafasi kwenye lori kwa kuwa alikuwa kaburini.

Isulu walikuwa na desturi yao. Mke akifa, mume humpandia mzabibu kichwani pa kaburi, na kila mwaka huupogoa kwa mkono wake mwenyewe. Kichala cha kwanza kikiiva, mume hukaa hapo chini, akala punje moja, akampa marehemu habari moja. Punje nyingine, habari nyingine, mpaka kichala kiishe: nani kaoa, nani kazaa, nani kamtukana nani kisimani. Pasipo kichala, marehemu hasikii. Na mavuno matatu yakipita mume hajasema neno, watu wa Isulu huhesabu kwamba marehemu ameachwa. Jina lake halitajwi tena pamoja na la mumewe, na mume akija kufa, huzikwa kwingine.

Mavuno mawili yalikuwa yamekwisha kupita.

"Miaka arobaini na mmoja hatukuachana," Ndahani alimwambia shemeji yake, wamekaa juu ya chumvi, "na sababu tulikuwa tukizitafuta kila wiki. Leo nimwache kwa ajili ya tangazo la redio?"

"Sasa utaingiaje, shemeji? Mtu wa Isulu akionekana Isulu ni mvamizi."

"Na mtalii je?"

"Mtalii ni mgeni wa heshima."

Ndahani akauza mbuzi wake wote, akakata tiketi ya kutembelea mikoa ya mvinyo, akanunua kofia pana yenye utepe wa rangi. Uzeeni akawa mtalii wa kwao.

*

Kwenye ofisi ya watalii karani alimtazama kuanzia kofia mpaka makubazi.

"Umetokea wapi, mzee?"

"Uwanda wa Chumvi."

"Huko hakutoki watalii."

"Ndiyo maana na mimi nimetoka."

Karani akaandika: ng'ambo. "Umevutiwa na nini katika nchi yetu?"

"Mke wangu."

Karani akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini, akageuza na upande wa pili. "Mke hayumo. Kuna mandhari, kuna mvinyo, kuna utulivu. Chagua kimoja."

Ndahani akafikiri. "Nipe utulivu."

"Umechagua vizuri," karani akasema, akagonga muhuri. "Huo tunao tele tangu watu waondoke."

Getini askari akaupekua mfuko wake, akatoa mkasi wa kupogolea uliofungwa ndani ya kanga kuukuu.

"Hiki nini?"

"Cha kukatia kucha, mwanangu."

"Mzee, wewe ni mamba?"

Mkasi ukachukuliwa ukawekwa kwenye sanduku la kioo pale pale getini, na watalii wenzake wakapanga foleni kuutazama. Mama mmoja wa mjini, mwenye miwani mikubwa ya jua, aliziba mdomo kwa mkono. "Jamani," akasema, "watu walikuwa wakatili kumbe."

*

Mwongozaji wao aliitwa Semeni, binti wa umri wa kuolewa, sare ya kijani, filimbi shingoni. Filimbi ilikuwa ya kupulizwa mtu yeyote akigusa mzabibu. Maneno yake yote alikuwa ameyakariri chuoni, na aliyatoa bila kumeza mate.

"Karibuni Mkoa wa Mvinyo Mwekundu. Tazameni ustawi! Kabla ya amri, mizabibu hii ilikuwa ikimfika mtu kifuani. Sasa imefika kwenye nyaya za simu."

Ilikuwa kweli. Mizabibu ilikuwa imepanda nguzo, imepanda paa la zahanati, imeingia darasani kwa dirisha moja na kutokea la pili, na shule ikafungwa kwa heshima yake. Kulikuwa na kijani mpaka macho yanauma. Ndahani aliinua jani moja kwa ncha ya kofia, akachungulia. Akainua la pili. Hakukuwa na hata punje moja.

Wakaketishwa mezani, wakamiminiwa mvinyo.

"Mvinyo huu umetoka ng'ambo," Semeni akatangaza kwa fahari.

Mama wa miwani akageuza chupa. "Mbona imeandikwa ni ya hapa?"

"Chupa ni ya hapa, mama. Nchi nyingine huzikamua zabibu zao. Sisi zetu tunazipenda."

Watu wakapiga makofi. Ndahani akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kama alivyofundishwa na baba yake. Likamkumbusha dawa ya kifua. Akamimina uliobaki chini, kwenye mizizi, kwa siri, kisha akauomba mzabibu radhi.

Mkoa wa pili ulikuwa wa Mvinyo Mweupe. Huko kila mzabibu ulikuwa na kitambulisho cha uraia kilichoning'inizwa kwa uzi, chenye picha. Semeni akaeleza kwamba mizabibu ilipiga kura katika uchaguzi uliopita, na kwamba ilimchagua Mkuu kwa asilimia mia moja na mbili.

"Hizo mbili zimetoka wapi?" mama wa miwani akauliza.

"Mingine ilichipua wakati wa kuhesabu."

Ndahani alicheka, na ndicho kicheko pekee alichocheka safari nzima. Alicheka kwa sababu Nyemo angecheka. Halafu akanyamaza ghafla, maana aliwaza kwamba hilo lingekuwa jambo la kumpa na punje ya kwanza, na punje hakuwa nayo.

*

Siku ya tatu wakafika Isulu.

Semeni alianza kusema habari za upepo mwanana na kilima chenye historia isiyo na wakazi, na Ndahani akasogea nyuma kidogo kidogo kama mtu mwenye haja. Hakuhitaji njia. Penye nyumba yake palikuwa na vyoo vya watalii, safi kuliko nyumba yenyewe ilivyopata kuwa. Akavizunguka. Akapita kwenye kisima kilichofukiwa. Akahesabu hatua thelathini na mbili kushuka, kama alivyozihesabu siku ile akiwa amebeba kichwa cha jeneza.

Mzabibu wa Nyemo ulikuwa umenenepa shina mpaka unene wa kifundo cha mkono. Matawi yalikuwa yamejirusha kila upande, yamejisokota, yameanguka, yamefunika kaburi lote kama nywele za mtu aliyeugua muda mrefu bila wa kumsuka.

"Astaghafiru, mama," Ndahani akasema. "Wamekuacha hivi?"

Akapiga magoti. Akaanza kuvunja vichipukizi laini kwa kucha za vidole gumba, kimoja kimoja, na machozi yakimtoka bila sauti. Hakuwasikia wenzake walipofika nyuma yake.

Semeni alishika filimbi. Akaitia mdomoni. Mzee wa watu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, kofia ya utalii imeangukia upande.

"Yule anafanya nini?" mama wa miwani akauliza.

Filimbi ikatoka mdomoni. "Hiyo," Semeni akasema, na kwa mara ya kwanza akameza mate, "hiyo ni ngoma ya asili."

Watalii wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaomba irudiwe.

*

Habari zikamfikia Mheshimiwa Sijaona, Mkurugenzi wa Majani na Utulivu. Huyu alikuwa na shahada tatu za mizabibu, na zote alizipatia hotelini. Shambani hakukanyaga, kwa sababu ya viatu. Alimwita Ndahani ofisini, akasimama ili ahutubie vizuri, ijapokuwa walikuwa wawili tu.

"Mzee wangu! Taifa limeguswa! Wageni wameandika kwenye kitabu kwamba hawajaona huzuni safi kama yako popote duniani. Kwa mamlaka niliyopewa, ninakuteua kuwa Mgane wa Taifa. Utalia saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jumapili, saa nne tu."

"Nitalilia wapi, mheshimiwa?"

"Pale pale. Utapewa na mkasi."

Moyo wa Ndahani ukaruka. Kisha mkasi ukaletwa. Ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya fedha.

"Utaupitisha juu ya matawi hivi, hivi," Mheshimiwa akaonyesha hewani, kwa madaha. "Bila kugusa. Ukigusa, ni jela, na ukishatoka jela ni kule kule kwenye chumvi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa."

Basi mzee Ndahani akawa analipwa posho ili amlilie mkewe. Siku za mwanzo alilia kweli, na watu wakapiga makofi. Siku za baadaye machozi yaligoma, akajikuta analia kwa kuigiza, na watu wakapiga makofi zaidi. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alirudi kwenye kibanda chake akaosha uso mara tatu, kama mtu aliyerushiwa tope.

Lakini kila alipoupitisha mkasi wa mbao kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulikuwa chini ya majani, na kidole gumba kina ukucha. Leo kichipukizi kimoja, kesho kimoja. Matawi makavu aliyapinda kidogo asubuhi, kidogo jioni, siku nne tano, mpaka yakaachia yenyewe.

"Tawi limevunjika!" mkaguzi alipiga kelele mara ya kwanza.

"Upepo," Ndahani akasema.

Ikaundwa tume ya kuchunguza upepo. Upepo uliitwa mara tatu kutoa maelezo, haukutokea, ukahukumiwa bila kuwepo. Kesi ikaishia hapo.

*

Mvua zikapita. Mwezi wa nne tangu Ndahani ateuliwe, Semeni aliinama kuokota karatasi ya peremende iliyotupwa na mtalii, akachungulia chini ya majani, akarudi nyuma kwa hofu.

"Baba," akanong'ona, maana siku hizi alimwita baba wageni wakiwa hawapo, "mzabibu umeugua. Umeota vijipu."

Ndahani akainama. Kilikuwa kichala kimoja, kidogo, kimejificha kwenye panda ya shina. Punje zake zilikuwa zimeanza kubadilika, kutoka kijani kwenda zambarau.

"Hizo ni zabibu, mwanangu."

"Zabibu?" Semeni alikuwa ameongoza watalii mikoa ya mvinyo miaka miwili na ushee. "Zinatoka *humu*?"

"Ulidhani zinatoka wapi?"

"Kwenye katoni." Akanyoosha kidole, akaigusa moja taratibu kama anavyoguswa mtoto mchanga. Filimbi ilining'inia shingoni. "Haki ya Mungu. Kumbe zinaota!" Akacheka, halafu akaanza kulia, na hakuwa akiigiza.

Ndahani akamweleza yote: desturi, mavuno mawili ya kimya, na haya ya tatu. "Zimebaki siku kumi ziive. Nikisema naye, basi. Baadaye wanifanye watakavyo."

"Mimi sijaona kitu," Semeni akasema.

Lakini wakaguzi waliona. Siku ya saba Mheshimiwa Sijaona alifika mwenyewe, amevaa buti mpya, amefuatana na Daktari wa Mimea. Daktari alikitazama kile kichala kwa kioo cha kukuzia, akakinusa kwa mbali.

"Ni uvimbe," akasema. "Mweusi. Nimepitia vitabu vyote vilivyotoka baada ya amri, hakuna mzabibu wenye kitu hiki. Ukiachwa utaambukiza nchi nzima."

"Nchi nzima izae uvimbe!" Mheshimiwa akashika kifua. "Na kuukata hatuwezi. Amri ni amri."

"Amri inakataza kukata, mheshimiwa. Kung'oa haikukutaja."

Mheshimiwa akatabasamu, akahutubia pale pale: kwamba serikali, kwa kuwajali wananchi wote wenye majani, itauhamisha mzabibu huu, kwa hiari yake, kwenda Uwanda wa Chumvi. Wachimbaji watafika kesho kutwa saa nne.

"Saa nne kuna onyesho," Semeni akasema.

"Vizuri zaidi. Mzee apate cha kulilia."

*

Kesho kutwa yake, saa nne kasoro, Ndahani alifika bila mkasi wa mbao. Watalii walikuwa wamekwisha kaa kwenye viti, kamera tayari. Wachimbaji wawili walisimama kando na majembe yao. Hakumwangalia mtu. Akaketi juu ya udongo, akayatawanya yale majani, akakichuma kichala. Kilibaki kidogo kuiva, lakini kisingesubiri.

Akala punje ya kwanza. Ilikuwa na ukali.

"Nyemo," akasema. "Kwetu hatujambo. Nyumba ipo. Watu wapo."

Nyemo alikuwa na tabia yake: ukimdanganya hakubishii, anaendelea tu kupepeta mchele, wala hainui macho, mpaka mwenyewe uone aibu. Kimya kilichotoka chini kilikuwa kile kile. Na Ndahani aliisikia sauti yake mwenyewe, akaitambua: ilikuwa sauti ya redio.

"Haya," akasema, akala punje ya pili. "Nyumba hakuna. Wamejenga vyoo."

Ya tatu. "Kisima wamekifukia."

"Mbeleje, mdogo wako, alikufa mwezi wa pili tu tangu tufike, kwa maji ya chumvi yale. Tulikosa mzabibu wa kumpandia. Mumewe alichomeka mpini wa ufagio, na kila asubuhi anaumwagilia.

"Yeremia wa jirani amepata mtoto. Alizaliwa ndani ya lori, msichana. Ana kelele huyo! Tumempa jina lako, ili liwe na mtu wa kuliitikia.

"Mimi nimepata kazi. Kazi yangu ni kukulilia wewe, asubuhi na jioni. Wananisifu sana. Siku nyingine nalilia watu, sikulilii wewe. Hilo unisamehe."

Mama mmoja mtalii, si yule wa miwani, mwingine, alimgusa Semeni begani. "Anasema nini? Ni shairi la asili?"

Semeni akafungua mdomo. Yale maneno ya chuoni yalikuwapo yote, yamejipanga kama kawaida. Akayaacha yapite.

"Anamwambia mkewe habari za nyumbani," akasema, akaivua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

Mzee akaendelea, punje na habari, punje na habari, mengine madogo madogo ya kisimani ambayo hayawahusu wageni, mpaka mkononi kikabaki kijiti kitupu. Alipomaliza hapakuwa na aliyepiga makofi. Mtalii mmoja aliivua kofia, wengine wakamtazama, wakavua zao.

Wachimbaji walikuwa wakitazamana. Walikuwa watu wa kazi, na saa nne ilikuwa imepita. Yule mkubwa akasogea, akaegemeza jembe, akaamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tusamehe. Tumetumwa." Akakuna kichwa, akautazama udongo kuzunguka shina, akitafuta pa kuanzia. "Nilikuwa nauliza tu, tusije tukakosea. Mizizi yake imekwenda mpaka wapi?"

Ndahani akanyanyuka taratibu, akajikung'uta magoti, akasogea pembeni kuwapisha.

"Imefika kwake," akasema.